Neno Alilotuachia Mzee Simiyu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Haikuwa nyumba ya ibada. Ilikuwa ofisi ya mawasiliano ya shirika letu la afya mjini Kitale, chumba kimoja chenye sakafu ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu, na katikati yake mashine ya teleksi imefunikwa shuka. Nilikuwa nimetoka Matisi kwa miguu, na tope la masika lilikuwa limenifika hadi kwenye pindo za suruali. Mkuu wa Mawasiliano alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

"Vua, Wafula," alisema. "Mashine hairi tope."

Huyo ndiye Mzee Simiyu. Alinizidi miaka michache tu, maana mimi niliingia kazi hiyo nikiwa mtu mzima, baba wa watoto, baada ya kuchoka na ukarani wa shule. Lakini sote tulimwita Mzee, hata mameneja waliotoka Nairobi. Alikuwa mrefu, mwenye shati jeupe kila siku ya kazi, na kwenye mfuko wa shati kalamu moja ya wino wa buluu ambayo hakumwazima mtu. Ukimwomba alikuwa anakutazama mpaka unakumbuka ulikoacha yako.

Mzee alikuwa mtu wa Bokoli, nami ni wa Kanduyi. Sisi watu wa Bungoma, la na ra kwetu hubadilishana viti. Mnalijua hilo, na mnatucheka kila siku, chekeni tu. Barua kwetu ni balua, na kulala ni kurara. Wengine wetu mwalimu alitunyoosha mkono kwa kiboko, tukajifunza kuandika sawasawa, ulimi ukabaki ulivyozaliwa. Mzee Simiyu naye, alivyosema ndivyo alivyoandika. Wakati mmoja alituma teleksi makao makuu akisema wafanyakazi wote wa Kitale wataachwa huru Ijumaa waende kwa kula. Alikuwa na maana ya uchaguzi wa chama cha wafanyakazi. Nairobi wakajibu wakiuliza karamu ni ya nani na kwa nini wao hawakualikwa. Mzee alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Teleksi, kwa nyinyi ambao hamkuiona, ilikuwa kama taipureta iliyofungwa kwenye waya wa simu. Ulichopiga Kitale kilijichapa Nairobi papo hapo. Ilikuwa na kitufe kimoja tulichokiita Nani Wewe. Ukikibonyeza, mashine ya upande wa pili ilijitaja jina yenyewe, bila mtu kuigusa, hata kama ofisi imefungwa na askari anasinzia mlangoni. Somo langu la kwanza lilikuwa hicho kitufe. Mzee alinisimamisha mbele yake asubuhi nzima nikikibonyeza na kusoma majina.

"Hapa hatuamini sauti," aliniambia. "Tunauriza mashine. Isipojitaja, usitume balua."

Nilicheka moyoni wakati ule. Miaka ilipopita ndipo nilielewa kwamba kazi yangu yote ya baadaye ilikuwa ndani ya kitufe hicho. Mashine kujua inaongea na nani, basi. Mengine yote ni waya.

Nilifanya teleksi Kitale, kisha nikahamishiwa Bungoma chini ya Msimamizi wa Kituo, mama mmoja mkali aliyekagua kucha zetu kila Jumatatu, kisha nikarudishwa Kitale. Nilipokuwa sipo, Mzee alikuwa amepata mpiga taipu. Jina lake Bi Zubeda, binti wa mjini Bungoma, aliyezaliwa na kulelewa nyuma ya msikiti. Kwao Kiswahili ndicho cha nyumbani, si cha sokoni kama chetu. Alikuwa mtu wa maneno machache, kitambaa kichwani hakijawahi kwenda upande, na vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu.

Tangu Bi Zubeda aje, makao makuu waliacha kututania. Mzee alikuwa akimsomea barua kwa kinywa, huku akitembea huku na huku, na zikitoka kwenye taipureta zilikuwa safi, kila la mahali pake na kila ra mahali pake. Mzee hakuwahi kumwambia asahihishe, na yeye hakuwahi kusema anasahihisha. Mzee alikuwa akisoma, akitia sahihi kwa ile kalamu yake, akisema vizuri, mama. Mimi niliona, nikanyamaza. Heshima si utumwa, na ile ilikuwa heshima ya hali ya juu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini teleksi zikaanza kuzeeka, na tukaletewa kompyuta. Baadaye kidogo ikaja seva ya barua, yaani kompyuta moja ambayo kazi yake ni kupokea barua za kila mtu, kuzihifadhi, na kuzipeleka kwa wenyewe. Yetu ilikaa Kitale, kwenye kile kile chumba cha sakafu nyekundu, na bado tulikuwa tunavua viatu. Bi Zubeda alipelekwa Bungoma kusimamia kompyuta ya huko. Mimi nikawa fundi wa seva, na kazi iliyonilia siku nyingi kuliko zote ilikuwa ya paswadi, yaani neno la siri.

Watu husahau. Wakitoka likizo ya Krismasi wanarudi wamesahau wote, kana kwamba walikubaliana. Tulikuwa na daktari mmoja, Mganga Mkuu wa vituo vyetu, aliyejua majina ya mifupa yote ya mwili wa binadamu lakini hakuweza kushika neno moja toka Jumatatu hadi Alhamisi. Alikuwa akipiga simu na kusema, "Wafula, niko nje ya mlango tena." Nami nilikuwa na utaratibu. Kwanza nahakikisha ni yeye kweli, kwa kukata simu na kumpigia mwenyewe ofisini kwake. Halafu nampa neno la muda, na kumwambia alibadilishe akishaingia. Hata angekuwa Meneja wa Kanda, sikumpa mtu neno la mwenzake.

Watu hudhani fundi anaifungua mashine na kusoma neno la mtu mle ndani. Hapana. Seva haiweki neno lenyewe. Inalisaga kama mahindi, halafu inaweka unga tu. Kesho ukija na neno lako inalisaga tena, inalinganisha unga na unga, ukifanana unaingia. Hakuna fundi anayeweza kuurudisha unga uwe punje. Kwa hivyo neno likipotea, fundi halitafuti. Anaingia kwa akaunti kuu, ile ya msimamizi wa mashine, anamwaga unga wa zamani na kusaga mpya. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kunywa chai. Lakini ukishamwaga, neno la zamani limekwenda, na hakuna atakayejua lilikuwa lipi.

Hizo ni paswadi za watu. Kuna nyingine tulizoziita paswadi za huduma. Akaunti ya huduma haina mwenyewe anayekula ugali. Ni ya mashine kuongea na mashine. Kila jioni, ofisi zikifungwa na simu kuwa nafuu, kompyuta ya Bungoma ilikuwa ikipiga simu Kitale yenyewe, kupitia modemu, kile kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa mlio unaoweza kupita kwenye waya. Seva ilikuwa ikiuliza nani wewe, Bungoma inajitaja na kutoa neno lake, kisha zinabadilishana barua za siku hiyo. Ubaya wa paswadi ya huduma ni kwamba hakuna anayeiandika kila siku. Mtu huiingiza mara moja ndani ya mashine, ikaanza kufanya kazi, na kwa sababu inafanya kazi kila mtu anaisahau.

Ile ya Bungoma aliiweka Mzee Simiyu kwa mikono yake, huku Kitale na kule Bungoma. Alikuwa na sheria yake kwamba siri haikai kwenye karatasi, na kwamba neno la mashine ajue mtu mmoja tu, anayeitunza mashine hiyo. Alipostaafu aliniachia akaunti kuu, nami nikaitia neno langu mwenyewe. La Bungoma hakuniambia. Aliniambia sina haja nalo, nikilitaka nitamwaga unga. Akaenda Bungoma kuaga, akamwita Bi Zubeda kando, karibu na tangi la maji, akamwambia neno.

Hakukaa sana nyumbani. Presha ilimchukua kabla hajavuna mahindi yake ya kwanza ya ustaafu. Tulikwenda Bokoli kumzika, ofisi nzima, na Bi Zubeda alisimama na wanawake wa Bokoli akilia kama binti wa boma. Mimi pia nililia, na sioni aibu kusema. Yule mtu alinifunza kila nilichojua.

Msimu wa mvua uliofuata, radi ilipiga laini ya simu Bungoma. Ikaua modemu, ikaua na kompyuta, na pamoja na kompyuta yale yote yaliyokuwa ndani. Mafundi wa simu walitengeneza waya, sisi tukapeleka mashine nyingine, na Bi Zubeda akakaa kuipanga upya. Ilipofika mahali pa paswadi ya huduma, akaingiza neno alilopewa na Mzee. Kitale ikakataa. Akaingiza tena, ikakataa. Akanipigia simu.

Siku za kawaida ningemwaga unga, nikamtajia neno jipya, tukaendelea. Lakini hazikuwa siku za kawaida. Kwa muda fulani maneno ya ofisi yalikuwa yakivuja. Bei ambazo shirika lilipanga kununulia dawa zilikuwa zikijulikana kwa wafanyabiashara wa mjini kabla bahasha za zabuni hazijafunguliwa. Meneja wa Kanda, bwana mmoja mwenye haraka lakini si mtu mbaya, alikuwa amekula kiapo kwamba atampata mvujishaji. Aliposikia kwamba neno la Bungoma limekataliwa, akajumlisha yake. Neno anajua mtu mmoja. Mtu huyo analitaja, seva inasema silo. Basi ameligawa kwa mtu wa nje, na mtu huyo, katika siku zile mashine ilikuwa imekufa, ameingia na kulibadilisha.

Siwezi kusema alikuwa mjinga. Jambo kama hilo lingewezekana. Mwenye neno anaweza kuingia kwa simu na kulibadilisha, na seva yetu ilikuwa ya kizamani, haikuweka kumbukumbu ya siku neno lilipobadilishwa. Bi Zubeda akaitwa Kitale. Alikuwa mjane anayesomesha watoto, na kila mtu kwenye korido alijua kwamba kibarua chake kinaota nyasi. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari imetaipiwa.

Asubuhi ile tulikaa watatu kwenye chumba cha seva. Meneja alivua viatu naye, soksi yake moja ina tundu, na katika siku nyingine ningecheka. Akasema nibadilishe paswadi mara moja, barua za vituo vyote vya Bungoma zimekwama, oda za dawa ziko mle ndani, halafu mambo ya Bi Zubeda yafuate.

Nikamwomba anisikilize. Nikamweleza habari ya mahindi na unga kama nilivyowaeleza nyinyi. Nikamwambia, "Bwana Meneja, likiingia jipya, la zamani limekufa. Kama huyu mama amesema ukweli, hatutajua kamwe. Atakwenda nyumbani na jina la mwizi, na hata mimi fundi sitaweza kumtetea."

"Na kama amesema uongo?"

"Basi utajua hivyo hivyo. Nipe mpaka saa ya chakula."

Alitazama saa yake, akavuta kiti, akakaa.

Nilimgeukia Bi Zubeda. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja. Nikamuuliza Mzee alimwambia nini siku ile kwenye tangi. Akasema neno ni kalamu, na Mzee alipolitaja aligusa mfuko wa shati. Nikaliandika kwenye seva. Ikakataa. Nikaliandika kwa herufi kubwa, maana seva hutenganisha kubwa na ndogo. Ikakataa. Nikaweka kubwa mwanzoni tu. Nikaweka jina la Mzee mbele, nikaweka nyuma, nikalirudia mara mbili kama wengine wanavyopenda. Hapana, hapana, hapana. Kila nilipobonyeza, mama yule alikuwa anafumba macho kidogo.

Niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa sana, si kwa ajili ya seva. Nilianza kujiuliza kama kweli ninamjua huyu mtu niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, na kule kujiuliza peke yake kuliniuma. Meneja alitazama saa tena.

Nikaona nimeanza kurudia maneno niliyokwisha jaribu, nikataka kuyaorodhesha ili nisizunguke. Nikanyoosha mkono kwa Meneja bila kumtazama.

"Niazime karamu, bwana."

Meneja alikuwa na tabia, kila mara mmoja wetu akiteleza ulimi alikuwa anatunyoosha. Hata saa ile hakujizuia. Akanipa, akasema, "Kalamu, Wafula. Hii inaitwa kalamu."

Nilikaa na kile kitu mkononi. Nikaisikia sauti ya Mzee kama anavyosema mtu aliye nyuma ya bega. Nikakumbuka ile teleksi ya kwenda kwa kula. Nikakumbuka kwamba siku alipoiweka paswadi ya Bungoma, Mzee hakuwa na mpiga taipu kando yake. Aliiandika mwenyewe, kwa vidole vyake viwili, bila mtu wa kumnyooshea.

Ningeweza kuliandika pale pale. Lakini nikiliandika mimi, Meneja angesema ni bahati ya fundi, na mama bado alitoa neno lisilo sawa. Nilitaka litoke kwake. Nikaweka kalamu mezani.

"Bi Zubeda," nikamwambia, "usiniambie Mzee alisema nini. Niambie vile alisema."

Alinielewa papo hapo, nikamwona uso ukibadilika. Akainamisha kichwa.

"Siwezi, kaka Wafula," akasema. "Yule ni marehemu. Nitamwigizaje?"

Lazima mwelewe hapo, vijana, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Huyu mama alilelewa kwamba ulimi wa mkubwa hauigizwi. Watu waliomwigiza Mzee Simiyu nyuma ya mgongo wake walikuwa wengi, mjini na ofisini, na kila walipofanya hivyo Bi Zubeda alikuwa anaondoka. Miaka yote alikuwa amemnyooshea maneno kimya kimya, mpaka masikio yake yenyewe yakawa yanayanyoosha kabla hayajamfikia. Mzee alisema neno moja pale kwenye tangi, na yeye, kwa heshima tu, alisikia lingine. Na sasa, mtu anataka kumfukuza kazi, na dawa yake ni kumwiga mzee aliyekufa mbele ya Meneja. Kweli, afadhali angeondoka na barua yake ya kufukuzwa kuliko kufanya hivyo, nilimwona.

"Hatumcheki," nikamwambia. "Tunamsikiliza. Ni yeye peke yake anayeweza kukutetea leo."

Alivuta pindo la kitambaa chake, akajifunika mdomo, na kutoka nyuma ya kitambaa akalisema, pole pole, sauti ya chini, na bila kukusudia akagusa kifua pale palipo mfuko.

"Karamu."

Nikaliandika. Ka, ra, mu, herufi ndogo zote. Nikabonyeza. Seva ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba akaunti ya huduma ya Bungoma imepokewa.

Nilimgeuzia Meneja kioo akasome mwenyewe. Alisogea, akasoma, akasoma tena, akakunja uso.

"Karamu," akasema. "Karamu ya kula?"

"Hapana, bwana," Bi Zubeda akamjibu. "Ya kuandika."

Ndipo machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka, nami nikacheka, tukashindwa kujizuia. Meneja alitazama huyu, akatazama yule. Halafu akaelewa, akakaa chini taratibu. Alikuwa mtu wa haraka, nimesema, lakini alijua kuhesabu. Kama mtu wa nje angekuwa amelibadilisha, lile neno la Mzee lisingefungua kitu. Lilikuwa pale pale, na makosa yake yote, kama alivyoliacha mwenyewe. Akaitoa ile barua ya kumfukuza kwenye faili, akaipasua, akamwambia Bi Zubeda pole na kwamba gari la ofisi litamrudisha nyumbani, akae kiti cha mbele.

Bi Zubeda alijifuta uso, akatengeneza kitambaa chake. Akasema asante kwa gari, lakini ana ombi.

"Jina langu lilichafuliwa Bungoma," akasema. "Naomba lisafishiwe Bungoma."

Meneja akaenda naye. Sikuwapo, lakini waliokuwapo waliniambia kwamba alisimama mbele ya wafanyakazi wote wa kituo na kusema amekosea, kwa kinywa chake, bila kuzungukazunguka. Mimi nampa heshima yake kwa hilo mpaka leo. Yale ya bei kuvuja hatukuyajua mwisho wake.

Paswadi tuliibadilisha alasiri ile ile, maana sasa tulikuwa tunaijua watatu, na neno linalojulikana na watu watatu si siri tena. Kabla sijaumwaga ule unga wa zamani nilikaa kidogo. Lilikuwa neno la mwisho la Mzee kwenye mashine ile, na nilikuwa naenda kulifuta. Nilibonyeza hata hivyo. Kazi ni kazi. Jipya alilichagua Bi Zubeda akiwa amekwisha fika Bungoma, akanitajia kwa simu, na nilipoliandika niliona halina la wala ra hata moja. Nikamuuliza kama amefanya makusudi. Akasema ndiyo, ili yeyote atakayelirithi alitaje na ulimi aliopewa na Mungu. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya kituo chetu. Mkaguzi aliyekuja kutoka makao makuu aliniuliza ni kanuni ya kitabu gani. Nikamwambia ni ya Bokoli.

Nilistaafu miaka ya tisini ilipokuwa inafika ukingoni. Neno langu la akaunti kuu sikulisema tu kwa kinywa kama Mzee. Nilimkalisha aliyenirithi mbele ya seva, nikamwambia aweke lake mwenyewe, na nikageuka kutazama dirishani, upande wa mlima, mpaka akamaliza. Nikavaa viatu vyangu mlangoni nikaondoka.

Sasa niko Kanduyi, karibu na barabara ya kwenda uwanjani, na nina ng'ombe wawili wasiohitaji paswadi. Wajukuu wanakuja na simu zao, guka, yaani babu, nimesahau neno, na wanadhani nina uchawi. Nawauliza swali moja tu. Siwaulizi neno lilikuwa nini. Nawauliza siku walipoliweka walikuwa wapi, na nani alikuwa karibu, na walikuwa wanaongea lugha gani. Mara nyingi linarudi. Neno la siri halina maana kwa mashine, ni herufi tu. Lakini mtu aliyeliweka alikuwa na kinywa, na kinywa kina kwao. Nyinyi mnaofanya kazi hii leo mna mitambo ya kuhifadhi maneno yote mahali pamoja, vizuri sana. Ila mjue sauti za watu mnaofanya kazi nao. Hizo haziko kwenye mtambo.

Bi Zubeda yuko hai, mzee sasa, nyumba ile ile nyuma ya msikiti. Nilipomaliza kuandika haya nilimpelekea ayasome kwanza, maana ulimi wangu huvuja mpaka mkononi nikichoka. Alikaa na miwani yake alasiri nzima, na kurasa zikarudi safi, kila la mahali pake na kila ra mahali pake, isipokuwa maneno ya Mzee na ile karamu niliyomwomba Meneja, ambayo hakuyagusa. Hakusema amesahihisha, nami sikumuuliza. Nilimwambia tu kwamba nitaongeza mstari mmoja mwishoni na huo asiuone. Alitabasamu. Nadhani alijua.

Basi, wanangu, hapo naweka karamu chini.